Bakiza Vyote

Mkono wa Zaharah ulikuwa ndani ya tumbo la kibua, ukivuta utumbo kwa vidole viwili, Lokman alipotokea mlango wa nyuma na kusema, bila hata salamu:

"Shemeji, nani amekula wali juu ya hii kompyuta?"

"Kwangu hakuna anayekula juu ya kompyuta. Nina sheria hapa."

"Basi kuna mtu amekula ndani yake."

Lokman alikuwa binamu wa mume wake, na alikuwa na duka dogo la kutengeneza simu na kompyuta karibu na kituo cha mafuta. Kompyuta mpakato aliyopewa juzi alikuwa ameitia ndani ya mfuko wa plastiki, naye ameushika kwa mkono ulionyooka, mbali na mwili, kama mtu anayekwenda kutupa panya aliyekufa. Aliuweka kwenye ngazi ya chini kabisa, akapangusa vidole kwenye suruali, akavinusa, akapangusa tena.

"Nimefungua kwa bisibisi nione kama feni ina vumbi," alisema. "Chini ya kibodi nimekuta wali wa manjano. Ule wa kunata, wa bizari. Umeshindiliwa kila pembe. Na usinicheke, shemeji, ulikuwa wa moto."

"Betri hiyo. Zikizeeka zinapata joto."

"Betri inapika?"

Zaharah alitupa utumbo kwenye ndoo. Bado alikuwa na samaki sita.

"Na kwenye feni kulikuwa na nywele," Lokman aliendelea, sauti ikishuka. "Ndefu. Nyeupe. Zimejizungusha mpaka feni haizunguki. Nimezivuta, zikaja, zikaja, zinateleza kama zimepakwa mafuta. Mke wangu kaniambia nisirudi na kitu hiki ndani. Kazi nitaifanyia hapahapa kwenu."

Kompyuta ile ilikuwa ya Mak Su Esah, shangazi wa mwisho upande wa mume wake Nawi, ambaye matanga yake hayakuwa yamepoa bado. Mak Su alikuwa akiuza krimu za uso na dawa za mizizi kwa mtandao, na wateja wake walikuwa wengi kupita akili, kuanzia Kota Bharu hadi ng'ambo ya mpaka, Siam. Alikufa uso wake hauna hata kunyanzi moja. Waliojaribu kufungua biashara kama yake walivimba midomo, au waliota majipu kwenye macho, wakaacha. Watu walisema ana kitu. Zaharah alikuwa na mpunga, watoto wawili na mume. Hakuwa na muda wa kusikiliza watu.

Lakini kifo chake alikiona mwenyewe. Mak Su alihangaika kufa. Mwili ulishaanza kunuka akiwa bado anapumua, mgongo umeoza kwa kulala, na roho haitoki. Ilibidi vigae ving'olewe paani, kama inavyofanywa roho ikikwama. Alikuwa ameikumbatia kompyuta yake kifuani. Alimtazama Zaharah kwanza.

"Za, utaichukua?"

"Sina pa kuiweka, Mak Su," Zaharah alijibu, kwa sababu ulikuwa ni ukweli.

Ndipo akaingia Suraini, binti mkubwa wa Zaharah, aliyepata nafasi katika chuo cha ufundi kusomea uchoraji wa majengo, na ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akililia kompyuta.

"Suraini, mjukuu wangu, utaichukua?"

"Nitaichukua, Mak Su. Asante."

"Na vyote vilivyomo?"

"Na vyote vilivyomo."

Bibi kizee akacheka, meno yamejaa damu, akakata roho hapohapo. Na pale kwetu kila mtu mzima anajua kwamba mtu anayehangaika kufa hupokei kitu kutoka mkononi mwake mpaka kwanza umeuliza kilichomo. Suraini alikuwa na miaka kumi na minane. Hakuuliza. Alisema asante.

*

Nawi aliporudi kutoka kinu cha mpunga, vumbi la pumba limemjaa kwenye kope, waliketi mkekani wote, kompyuta katikati, dirisha limefunguliwa kwa ajili ya harufu.

"Tuseme ya kazi," alisema Lokman. "Programu kuu iliyomo, hiyo inayoiamsha mashine na kuiongoza, ni toleo la saba. La saba limeshazikwa, hata waliolitengeneza hawalitazami tena. Ukiingia nalo mtandaoni ni kama kulala mlango wazi. Lazima tubadilishe."

"Weka la kumi na moja, Ami," alisema Suraini. "Wenzangu wote wanalo."

"Wenzako wana mashine za mwaka huu. Hii nimeijaribu, imekataa. Kuna kipande haina. Na hata ingekubali, ni kumtuma bibi kizee akwee mnazi."

"Kwa hiyo?" aliuliza Nawi.

"Kwa hiyo njia ni mbili. Toleo la kumi linapanda juu ya la saba, kama unavyovaa shati juu ya fulana. Kila kitu cha zamani kinabaki mahali pake. Litakuwa zito kidogo. Au tunaweka ile programu ya bure. Ni nyepesi, mashine kongwe inaipenda. Ila hiyo inataka diski tupu. Tunafuta kila kitu, tunaanza na nyumba mpya."

"Wewe ungeweka ipi?" Zaharah aliuliza.

"Ya bure. Kwa hayo niliyoyaona humo ndani, ningeiweka jana."

"Nitaweza kuchora nayo?" aliuliza Suraini.

"Utachora. Utajifunza upya vifungo vichache, hutakufa."

"Basi weka ya bure," alisema Zaharah.

"Na picha?" alisema Nawi.

Mama yake Nawi alifariki Nawi akiwa shuleni. Albamu ilichukuliwa na mafuriko ya mwaka ule maji yalipofika darini, pamoja na godoro, cherehani na kuku wote. Lakini Mak Su alikuwa amezinakili zile picha kwenye kompyuta yake, na usiku wa maji aliibeba kompyuta kichwani. Duniani kote, uso wa mama yake Nawi ulikuwa umebaki ndani ya kitu kile kilichonuka.

"Nitazihamisha kwanza kwenye flashi," alisema Lokman.

Aliichomeka. Alisubiri kidogo. Alipoichomoa ilikuwa imelowa, na majimaji ya manjano yalining'inia kutoka kwenye chuma chake kwa uzi mrefu, kama makamasi ya mtoto, na harufu ya yai viza ikawajaa puani. Balkis, binti mdogo, akaziba pua kwa vidole vyote kumi.

"Imejamba!" alisema.

"Nyamaza, Balkis."

"Si mimi, Mama, ni yenyewe! Na kuna nyenje humo ndani. Sikiliza."

Walisikiliza. Krr. Kimya. Krr, krr.

"Ni diski," alisema Lokman, lakini alikuwa ameshasimama. "Diski ikichoka inalia hivyo. Kaka Nawi, uamuzi ni wako. Mimi nimesema langu."

"Toleo la kumi," alisema Nawi. "Vyote vibaki."

Zaharah alimtazama mume wake, akaona alivyochoka, akaona anavyoitazama ile mashine kama mtoto aliyesimama mlangoni mwa nyumba ya mama yake. Alikuwa na neno mdomoni akalimeza. Baadaye alilijutia neno lile kuliko yote aliyowahi kuyasema.

Lokman aliweka programu. Skrini ikauliza: bakiza vyote, bakiza baadhi, au usibakize chochote. Nawi ndiye aliyenyoosha mkono. Akabonyeza cha kwanza.

*

Toleo la kumi liliingia bila shida. Hilo peke yake lilimshangaza Lokman, maana mashine ya umri ule ilitakiwa kukwama angalau mara mbili.

Harufu haikutoka. Ilianza kama bizari iliyoungua, ikawa kama kitambaa cha vyombo kilichosahaulika chini ya sufuria, halafu ikawa harufu ya mgongo wa Mak Su katika siku zake za mwisho, na Zaharah, aliyeusafisha mgongo ule kwa mikono yake, aliijua mara moja. Alipiga deki. Alichoma udi. Alimwaga siki kwenye sakafu. Kila alipofungua kabati la nguo ilimpokea, na shungi yake ya kuswalia ikabidi aifue mara tatu.

Suraini alisema hasikii harufu yoyote. Alikaa na kompyuta mapajani kutwa, amejifunika shuka, anasema anajifunza. Alianza kukataa samaki. Akakataa budu, ule mchuzi wa samaki waliovundikwa kwa chumvi, yeye aliyekuwa akiinywa karibu kwa kijiko. Aliomba wali wa manjano wa kunata na yai la kuchemsha.

"Leo si harusi," Zaharah alimwambia. "Utakula walichokula wenzako."

"Basi fukuza hawa paka."

"Paka gani?"

"Hawa walionikalia kifuani. Mama, wazito. Wanalamba kucha zangu."

Nyumba ile haikuwa na paka. Hata Zaharah, asiyesikiliza watu, alikuwa amesikia tangu utotoni kwamba anayeumwa na pelesit hulalamikia paka. Pelesit ni jini la kike, hukaa katika umbo la nyenje, na hufugwa. Hulishwa wali wa manjano na yai, na wali ukikosekana hunyonya kidole gumba cha mfugaji. Hurithiwa kama cherehani. Zamani walifugwa ndani ya chupa. Akakumbuka kuwa chupa zote za Mak Su zilikwenda na mafuriko, na kwamba usiku ule, kati ya vyote vya kuokoa, bibi kizee alichagua kubeba kichwani kitu kimoja tu chenye joto.

Akaushika mkono wa binti yake, akaugeuza. Kidole gumba kilikuwa cheupe, kimenyauka, ngozi imekunjamana kama cha mtu aliyefua nguo kutwa nzima, na katikati kulikuwa na kitundu kidogo chenye midomo.

"Hii nini?"

"Sindano ya kushonea," alisema Suraini, na akacheka. Hakikuwa kicheko chake.

Siku iliyofuata, baada ya alasiri, jua bado liko juu na watoto wa jirani wanapiga mpira uwanjani, Zaharah alirudi na mboga kutoka bondeni akasikia nyenje analia ndani ya nyumba, krr, krr, krr, kwa pumzi ya mtu anayekula, akaacha kapu ukumbini, akapita jikoni ambako sufuria ya wali wa manjano ambao hakuupika yeye ilikuwa imekwanguliwa hadi chini, akasukuma mlango wa chumba cha wasichana na kumkuta Suraini amepiga magoti mbele ya kompyuta iliyo wazi, anatafuna wali, haumezi, anautafuna tu mpaka unakuwa uji, kisha anainama na kuutemea taratibu kwenye matundu ya feni, uzi wa mate ya manjano kutoka mdomoni hadi kwenye mashine, na mashine inameza, vifungo vya herufi vinapanda na kushuka vyenyewe kama koo, na alipogeuka kumtazama mama yake akiwa na uso uliong'aa usio na hata chunusi moja, midomo ikafunguka, na kati ya meno zikatokea kwanza nywele mbili nyembamba zinazopapasa hewa, halafu kichwa kidogo kisicho na rangi, halafu kitu chenyewe kikageuka ndani ya mdomo wa mwanawe bila haraka, kama mtu anayejigeuza kitandani kwake, kikarudi kinyumenyume kooni.

Suraini akameza.

"Karibu, Za," alisema kwa sauti ya Mak Su. "Ulisema huna pa kuniweka."

Zaharah alitapika palepale mlangoni. Kisha akajifuta mdomo kwa upindo wa sarong, akamnyanyua Balkis aliyekuwa nyuma yake, akamtoa nje, akampigia simu mumewe.

"Njoo," alisema. "Njoo sasa hivi. Pitia kwa Haji Deraman."

*

Haji Deraman alikuwa fundi wa matairi, na pia ndiye aliyeitwa jini likimpanda mtu. Alikuja na kucha zake nyeusi, chupa ya maji aliyoyasomea, chumvi ya mawe na pilipili manga kidogo katika karatasi. Lokman aliitwa naye akaja, ingawa alikaa karibu na ngazi.

Suraini alilazwa mkekani, mama yake ameshika miguu. Haji alisoma aya, akachukua punje moja ya pilipili manga, akaiweka kwenye ukucha wa kidole gumba cha mguu, akabana. Suraini alipiga ukelele wa bibi kizee.

"Nani kakuleta kwa mtoto huyu?" aliuliza Haji.

"Nilipokelewa. Alisema na vyote vilivyomo."

"Hakujua. Ondoka."

"Mwanzo hakujua. Nilikuwa nataka kwenda mwenyewe, nimechoka, nyumba ilikuwa kuukuu." Kile kitu kilikuwa kinaongea kwa upole kabisa, na kila neno lilitoka na punje ya wali. "Lakini nilibakizwa."

"Nani kakubakiza?"

Macho ya Suraini yakazunguka taratibu, yakampita mama yake, yakampita Lokman, yakatua kwa Nawi.

"Huyu. Aliulizwa vizuri kabisa. Akabonyeza."

Nawi alikuwa ameshikilia nguzo. Hakuna aliyemtazama, nayo ilikuwa mbaya kuliko kutazamwa.

"Tuichome," alinong'ona Lokman. "Mafuta ya taa ninayo kwenye pikipiki."

"Ukichoma nyumba, mpangaji anahamia kwa aliyempokea," alisema Haji. "Tayari ana mguu mmoja huko. Kilichopokewa kwa mdomo kinarudishwa kwa mdomo. Kilichobakizwa kwa mkono kinakataliwa kwa mkono. Kompyuta mimi siijui, msiniulize. Ninachotaka, yule anayeuliza humo ndani aulize tena, na safari hii ajibiwe hapana."

Lokman alielewa. "Ile ya bure," alisema. "Haina kubakiza. Inauliza mara moja tu, nifute diski nzima?"

"Hiyo. Na wote wa nyumba hii waseme sitaki. Si mtoto peke yake. Hakibaki kitu, hata kimoja. Mnanisikia? Hata kimoja."

"Haji," alisema Nawi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kuna picha za mama yangu."

"Kuna mwanao mkekani."

"Najua. Nataka nimwone mara ya mwisho tu. Nimuage."

Zaharah alikuwa amechoka. Shati lake la siku tatu lilinuka, nywele zake zilinuka, alikuwa na ladha ya matapishi kooni. Angeweza kusema hapana. Lakini ni mtu gani anamnyima mwenzake kumuaga mama yake?

"Muage," alisema. "Sisi tunakwenda kutawadha. Haji, kaa na Suraini."

Waliporudi, nyuso zinadondoka maji, Nawi alikuwa ametoka chumbani. Alikuwa anafuta macho kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa mfukoni, umeshika simu.

Lokman aliileta mashine mkekani, akachomeka flashi mpya yenye ile programu ya bure, akaiwasha. Ilijivuta. Ilinguruma, ikatema pumzi ya moto yenye kunuka kidonda, ikazimika, ikawashwa tena. Mwishowe maandishi yakatokea, na Lokman akayasoma kwa sauti: "Diski yote itafutwa na haitarudi. Uendelee?"

"Semeni," alisema Haji.

"Sitaki chochote kilichomo," alisema Zaharah, haraka, kama anayemfukuza mbwa jikoni.

"Sitaki," alisema Balkis kutoka nje. "Inanuka!"

"Sitaki," alisema Nawi. Alisema akitazama dirisha.

Wakamketisha Suraini. Shingo haikukaza, kichwa kilianguka mbele na nyuma. Zaharah alimshika kidevu.

"Mwanangu. Nisikilize mimi. Sema."

"Paka, Mama..."

"Hakuna paka. Kuna mimi. Sema."

Ilichukua muda, na kila alipofungua mdomo kitu kilimziba kwa ndani, koo likivimba upande huu na upande ule, mpaka Zaharah akaingiza vidole vyake viwili katika mdomo wa mtoto, vilevile anavyoingiza tumboni mwa samaki, akagusa kitu kikavu chenye miguu kikikwaruza, akakishika, kikateleza, akakishika tena na hakukiachia, akavuta.

"Sitaki," alilia Suraini. "Sitaki chochote! Sitaki!" Na akapiga kifungo kwa ngumi.

Mashine ikapiga kelele. Ndiyo, mashine. Kutoka kwenye matundu yake ulimwagika uji wa manjano, na nywele nyeupe, vipande vya kucha, maganda ya mayai yaliyooza, vikitoka kwa mkupuo kama choo kilichozibuka, mpaka mkeka mzima ukafunikwa na Lokman akakimbilia ngazini. Kisha kimya. Feni ikaanza kuzunguka vizuri, kwa sauti ya kawaida ya feni.

Zaharah alifungua ngumi. Nyenje alikuwa mkubwa kama kidole gumba, rangi ya maziwa yaliyoharibika, amelala chali.

"Nimkanyage?" aliuliza.

Haji alimchukua kwa karatasi, akamgeuza. Akambonyeza kidogo kwa ukucha wake mweusi. Ulisikika mpasuko mwepesi, kama wa ganda la karanga. Hakukuwa na kitu ndani.

"Ni gamba," alisema. Alilitazama kwa muda mrefu. "Hawa hujivua. Wakipata pengine pa kukaa." Akawatazama wote, mmoja mmoja. "Hamkubakiza kitu?"

"Hata kimoja," alisema Lokman. "Diski ni nyeupe. Njoo uone."

Haji alilitia gamba chupani, akaifunga kwa nta, akaondoka nayo kwenda mdomo wa mto kabla ya magharibi. Hakusema kwaheri, na mkono wake ulikuwa unavuta tasbihi.

*

Programu ya bure ilikuwa na skrini ya kijivu isiyo na kitu, na Zaharah aliiona nzuri kuliko bustani. Suraini alioga maji matatu. Chunusi mbili zilikuwa zimemrudia kwenye kidevu, na alipoziona kwenye kioo alilalamika, na mama yake nusura abusu kioo. Mkeka ulichomwa. Lokman alikataa kubaki kula. Alisema atakuwa hana hamu ya wali mpaka Idi.

Zaharah alipika vibua kwa supu ya ukwaju na manjano? Hapana. Manjano aliitupa kwenye shimo, pakiti nzima. Alipika supu nyeupe ya ukwaju na galangali, mzizi ndugu wa tangawizi, akaweka budu, mboga mbichi, na wali mweupe, mweupe kabisa. Alipakua sahani nne akazipanga kwenye mkeka mpya.

Tangu mwaka wa mafuriko, katika nyumba ile hakuna aliyetia tonge mdomoni kabla hajahesabu watu wake. Usiku ule wa maji Zaharah aliwahesabu juu ya paa mpaka asubuhi, na mazoea yakabaki.

"Suraini?"

"Nipo, Mama." Sauti yake mwenyewe, imekwaruzika. Alikuwa ameshavuta bakuli la budu karibu yake.

"Balkis?"

"Nipo. Na samaki wangu yupo, na jicho lake lipo, silili jicho."

"Baba Suraini?"

Nawi hakujibu. Alikuwa ameinama, na taya lake lilikuwa linakwenda, polepole, likitafuna.

"Baba Suraini. Mdomo una kazi gani? Hatujaanza kula."

"Nipo," alisema Nawi. Hakuinua macho. Kwenye mdomo wake wa chini kulikuwa na punje moja ya wali, ya manjano.

Zaharah aliitazama ile punje. Akatazama sufuria ya wali wake mweupe. Akatazama mfuko wa shati la mume wake, ambako simu aliyoingia nayo kumuaga mama yake ilikuwa imevimba kidogo, na doa lenye mafuta lilikuwa linaanza kusambaa kwenye kitambaa.

"Na mimi nipo," alisema taratibu, kwa sababu lazima hesabu imalizike. "Wote wapo."

Krr.

"Mama," alisema Balkis, "umeisahau simu ya Baba. Imeitikia."

Suraini hakugeuka kutazama. Alikikunja kidole gumba chake, akakificha ndani ya ngumi.